Mguu wa Utambi

Mwaka 1983, mwaka ambao sisi watu wa Tunduma wa rika langu hatutausahau kwa adha ya bidhaa, sabuni, sukari na mafuta ya taa vikiwa ni vitu vya kutafutwa kwa minong'ono, na ile kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, iliyoanza mwezi Machi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikiwa imewafanya wenye maduka wafunge milango jua lingali juu na wenye magendo wavukie Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, usiku wa manane, ndio mwaka ambao mimi, kijana wa miaka kumi na minne, nilifundishwa kuusimamisha utambi ndani ya kopo na kuufunga usiondoke mahali pake. Nayaandika haya kwa kuwa siku hizi vijana wengi wa mji wetu wameanza kutengeneza mishumaa ya bilauri majumbani mwao, nao huniuliza kwa nini utambi hulala ubavuni. Na kila nikiwajibu kwa maneno mawili matatu, huona baadaye kuwa jibu langu halikutosha.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa pwani, mpole wa maneno na mkali wa macho, ambaye mtaa mzima wa Majengo ulimwita Babu wa Pangani. Aliletwa bara na kazi ya reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Na wenzake waliporejea makwao yeye alibaki, akaoa kwa Wanyamwanga, akafungua kibanda cha ufundi wa bati ambamo aliyageuza makopo ya Blue Band na madebe matupu kuwa vibatari, faneli na karai. Uadimu wa mafuta ya taa ulikuwa kwake msiba wa nafsi, kwa maana kibatari kisicho na mafuta ni kopo tu, na kwa miezi kadha wa kadha vibatari vyake vilikaa rafuni vikishika vumbi. Hata siku moja akawaona wauza chumvi waliopanda kutoka Ivuna, kule bonde la Rukwa ambako chumvi imechemshwa tangu karne nyingi zilizopita, wamefungasha pamoja na chumvi yao mabonge ya nta ya nyuki, kitu ambacho warina asali wa huko aghalabu walikitupa baada ya kuikamua asali ya kutengenezea pombe. Akainunua nta yote, akanunua na kibaba cha chumvi, akaniita mimi niliyekuwa nikipita njiani, akaniambia, "Mjukuu wangu, nishikie mzigo huu." Nilimwamkia "Shikamoo Babu," nikaubeba, na sikutoka tena kibandani kwake kwa muda wa miaka minne.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuisafisha nta. Tuliiyeyusha, tukaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, tukaiacha igande, tukaukwangua uchafu uliotuama chini ya bonge, kisha tukairudia tena. Babu hakuthubutu kamwe kuiweka nta juu ya moto mtupu: sufuria ya nta ilikaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, kwa sababu nta ya nyuki huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, na maji yanayochemka huitosha bila kuipeleka mahali inapoweza kuwaka. Kando ya jiko alikuwa na mfuniko mzito usiotumiwa kwa jambo jingine lolote, na alinifundisha kabla ya kunifundisha lolote kwamba nta ikishika moto hufunikwa wala haimwagiwi maji, maana maji hugeuka mvuke mara moja na kuirusha nta inayowaka juu ya kila aliye karibu. Mfuniko ule haukuhitajiwa hata siku moja, nao haukuondoka mahali pake hata siku moja.

Utambi wenyewe tuliusuka kwa nyuzi za pamba, nyingi zikiwa zimenyofolewa katika tambi chakavu za majiko ya mafuta, ambazo nazo zilikuwa zimekosa kazi. Babu aliusuka wa mikono mitatu, kama asukwavyo mtoto wa kike, akauloweka usiku mmoja katika maji ya ile chumvi ya Ivuna, akauanika hata ukakauka kabisa, ndipo akauchovya katika nta ya moto, akauacha humo mpaka mapovu madogo yaliyokuwa yakipanda kutoka katika nyuzi yakome, akautoa na kuunyoosha kwa vidole viwili kabla haujapoa. Utambi uliofanyiwa hivyo husimama kama ufito. Usiofanyiwa hivyo huwa laini, hujikunja nta inapomiminwa, na hewa iliyobaki ndani yake huleta mashimo ubavuni mwake. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu na kupata vitabu, nilisoma kwamba huko Ufaransa mtu aitwaye Cambacérès aliuvumbua utambi wa kusukwa mnamo mwaka 1825, na kwamba kabla yake tambi za Ulaya zilikuwa za kusokotwa tu, zikisimama wima katikati ya ndimi za moto na kufanya masizi, hata ikawalazimu watu kuzikata ncha kwa mkasi mara kwa mara usiku kucha, ilhali ule wa kusukwa hujipinda wenyewe, ncha yake ikatoka nje ya mwali na kuteketea kwa hewa. Nilishangaa sana, kwani Babu alikuwa akisuka tambi zake bila ya kulijua jina hilo, kwa hoja moja tu aliyonipa siku ya kwanza: kwamba kilichosokotwa hufumuka, na kilichosukwa hushikana.

Sasa nifike kwenye mguu. Mshumaa wa kusimama peke yake, ule mrefu wa dukani, hauna taabu hii, kwa kuwa utambi wake umebanwa na nta ngumu mpaka karibu na mwali, na nta ikiisha mshumaa nao umekwisha. Mshumaa wa kopo ni kiumbe kingine. Humo nta huyeyuka ikafanya ziwa, ziwa likaenea hata likagusa kuta za chombo, na kadiri saa zinavyopita ziwa hilo hushuka. Na utambi, ambao ulishikwa na nta ngumu kote ubavuni mwake, hubakiwa na kidogo cha kuushika, kisha kidogo zaidi, hata ifike saa ambayo chini yake hamna kitu kigumu ila sakafu ya chombo. Hiyo ndiyo saa ya mtihani. Utambi wenye mguu husimama. Usio na mguu huelea, huinama, hushika ukuta.

Mguu alioutengeneza Babu ulikuwa hivi. Alikata katika mfuniko wa kopo kipande cha bati chenye mikono mitatu, kila mkono ukiwa na urefu wa kutosha kugusa ukuta wa chombo kwa ndani. Akatoboa tundu katikati kwa msumari mwembamba, akiupigia msumari upande wa juu ukiwa chini, ili kingo za tundu zisimame zikafanya kishingo kidogo, kimo cha punje mbili za mchele. Akaupitisha utambi katika kishingo, akakibana kwa koleo, mara moja tu, kwa nguvu iliyopimwa, kwa sababu kikibanwa mno hukata nyuzi na kikibanwa haba huuachia. Kisha akakididimiza kibati chote chini ya chombo, mikono mitatu ikijikaza kutani, akatia tone la nta juu ya kila mkono. Nilimwuliza faida ya mikono yote hiyo, nikitaraji jibu fupi, naye akanijibu kwamba nitaiona. Kishingo nacho kilikuwa na kazi yake: mwali ukishuka hata ukafika juu yake huikosa nta ya kunyonya, ukazimika wenyewe ungali mbali na sakafu, kwa hiyo chombo hakiungui chini, seuze meza kilichowekwa juu yake.

Juu ya kinywa cha kopo alilaza ufito mwembamba aliokuwa ameupasua katikati kwa kisu, akauingiza utambi katika ule mpasuko, akauvuta polepole mpaka unyooke. Hapo ndipo nilipokosea mara nyingi katika juma langu la kwanza, kwa kuwa nilidhani kadiri utambi ukazwavyo ndivyo unavyonyooka, kumbe ukikazwa kupita kiasi huunyanyua mguu, na mguu ulionyanyuka hata kwa unene wa ukucha huachia nta kuingia chini yake. Babu alinifundisha kuusikiliza kwa kidole: kuugusa katikati na kuuhisi ukirudi taratibu, si kwa kuruka kama uzi wa zeze. Kisha kopo tulilipasha moto kidogo, hasa katika Juni na Julai ambapo baridi ya Tunduma huingia mpaka mifupani, kwani chombo baridi huigandisha nta ghafla pembeni ikajitenga na ukuta, tukamimina kwa kuifuata kingo, wala si juu ya utambi, tukaacha ipoe. Nta ikipoa hunywea, nayo hunywea zaidi katikati, ikafanya shimo kuuzunguka utambi na kuuvuta upande mmoja, kwa hiyo kabla haijakaza tulichoma matundu matatu kwa shazia pembeni mwa utambi, tukamimina mara ya pili. Makopo hayo ya kwanza yaliuzwa yote kwa siku mbili, na mengi walinunua mama wauza vitumbua waliokuwa wakiamka kabla ya adhana ya alfajiri.

Mwezi wa Desemba kanisa moja la Moravian la jirani lilituletea bilauri na chupa za jamu arobaini, zilizokusanywa na waumini nyumba kwa nyumba, ili tuzitie nta na tambi kwa ibada ya mkesha wa Krismasi. Wamoravian ni watu wa mishumaa tangu zamani: huko Marienborn, Ujerumani, katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1747, askofu wao Johannes de Watteville aliwagawia watoto mishumaa midogo iliyofungwa utepe mwekundu, na desturi hiyo wakaisambaza walikokwenda, nao walifika Rungwe, katika nyanda zetu hizi, mwaka 1891. Babu, ambaye alikuwa Mwislamu asiyekosa sala, aliipokea kazi ile kwa taadhima kubwa, akakataa kupandisha bei ijapokuwa nta ilikuwa imepanda, akasema tu kwamba watoto watashika bilauri hizi mikononi, kwa hiyo tuzifanye kwa hadhari.

Bilauri ishirini na nane nilizifanya kama nilivyofundishwa. Kumi na mbili za mwisho nilizifanya peke yangu, Babu akiwa amelala na homa, jioni ya siku ya kukabidhi kazi, mikono ikiniuma kwa makali ya bati; na kila bilauri ilikuwa na upana wake, hivyo kila mguu ulitaka kupimwa na kukatwa peke yake. Nikaona kwamba ni taabu isiyo na maana. Nikakata vibati kumi na viwili vya duara, vyote sawa, kila kimoja ukubwa wa sarafu ya shilingi, nikavigandisha chini ya bilauri kwa nta, nikavivuta kuvijaribu, vikashika barabara. Nilipomimina na kusawazisha, hakuna jicho ambalo lingezitofautisha zile kumi na mbili na zile ishirini na nane. Ibada ilipita kwa salama na uzuri. Nilisimama nje dirishani nikazitazama bilauri arobaini zikiwaka katika giza la kanisa, na nilijiona nimekuwa fundi.

Nta nzuri katika bilauri huwaka kwa muda mrefu, na watu wale walizibeba majumbani, wakaziwasha kidogo kidogo kila usiku. Ilikuwa mwezi wa Januari, yapata majuma mawili baadaye, mama mmoja alipokuja kibandani asubuhi akiwa ameshika vipande vya bilauri ndani ya kitambaa. Hakuja kwa ugomvi. Alisema kwamba alisinzia akishona, akaamshwa na mlio wa kioo, akakuta nta imemwagika mezani, kitabu chake cha nyimbo kimeungua pembeni, na moto umeshuka katika mkeka, shubiri moja kutoka kichwani mwa mwanawe aliyekuwa amelala. Aliuonyesha upana wa ile shubiri kwa vidole vyake. Mpaka leo nikifumba macho naviona vidole vile.

Babu alivipokea vipande, akavigeuza, akalitoa lile duara langu la bati, akalitazama kwa muda mrefu. Hakunigombeza. Alimwuliza mama yule kama anayo bilauri nyingine katika zetu, naye akasema anayo, imebakiwa na nta ya kimo cha kidole kimoja. Akamwomba radhi, akamwomba atuazime.

Usiku ule, baada ya Isha, Babu aliiweka bilauri juu ya sinia lenye mchanga, akaiwasha, akaniambia nikae. Tulikaa. Mwanzoni palikuwa na ziwa dogo la nta, manjano kama chai ya rangi iliyopoa, na pembeni mwake nta ngumu iliyokuwa ikirudi nyuma kwa mwendo usioonekana, ambao ungeujua tu kwa kutazama kando kisha kutazama tena. Baada ya saa moja ziwa lilikuwa limefika ukutani. Baada ya saa nyingine niliweza kuiona sakafu ya bilauri kupitia katika nta iliyoyeyuka, na juu ya sakafu, lile duara langu la bati, limetulia, liking'aa. Nikaanza kutumaini kwamba huenda ile bilauri ya kwanza ilivunjika kwa sababu nyingine. Kisha, bila ya kuguswa wala kupulizwa na upepo, duara lile lilisogea. Ilikuwa ni kiasi cha upana wa uzi. Likatulia, likasogea tena, na sasa nilielewa nilichokuwa nimekifanya: nilikuwa nimeugandisha mguu kwa kitu kile kile ambacho mshumaa huishi kwa kukiyeyusha, kwa hiyo kadiri mshumaa ulivyofanya kazi yake vyema, ndivyo ulivyokuwa ukiukata mguu wake mwenyewe. Utambi uliinama, ukateleza taratibu ukaegemea kioo, mwali ukaanza kuulamba ukuta na kupaka masizi upande mmoja, na bilauri ikatoa sauti ndogo, "ti," kama ukucha ugongao kikombe. Babu akaubana mwali kwa vidole viwili vilivyolowa mate, giza likaingia, tukaketi humo kwa kitambo.

Kisha akawasha bilauri ya pili, moja katika zile ishirini na nane, ambayo aliazima kwa jirani nami sikujua. Hiyo nayo tuliitazama mpaka mwisho. Matone ya nta juu ya mikono mitatu yaliyeyuka kama yalivyoyeyuka yangu, kibati kikabaki hakina gundi yoyote, nacho hakikwenda popote, kwa sababu hakikuwa na mahali pa kwenda: kila kilikoelekea kilikuta ukuta. Mwali ukashuka mpaka kwenye kishingo, ukawa wa buluu, ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukazimika wenyewe. Bilauri ilikuwa ya moto mkononi, lakini nzima. Babu alisema, "Sasa umeiona," akaenda kulala.

Asubuhi yake nilianza kuzitafuta bilauri kumi zilizosalia. Nilizunguka Majengo, nikaenda Sogea, nikaenda Kaloleni, nikapanda gari la mizigo hadi Mpemba, nikibisha hodi kwa watu nisiowajua na kuwaambia, kwa kinywa kizito, kwamba mshumaa waliouchukua kanisani niliufanya vibaya mimi na ya kuwa naomba nirudishiwe nami nitawaletea mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikaribishwa uji. Nilizipata nane. Mbili nilizikuta zimekwisha salama, kwa kuwa wenyewe walikuwa na desturi ya kuuzima mshumaa kila nta inapobaki kidogo na kuikusanya nta ile, jambo la kubana matumizi ambalo liliwaokoa bila wao kujua. Zile nane nilizifumua kwa mikono yangu, nikazikatia miguu ya mikono mitatu, moja baada ya moja, nikazirudisha. Kazi hiyo ilinichukua majuma matatu, na sikumbuki kazi nyingine katika maisha yangu niliyoifanya kwa moyo mweupe kuliko ile.

Jambo ambalo usiku ule lilinifundisha, nami nimelibeba katika ualimu wangu wote, ni kwamba siku ya kwanza kazi iliyolipuliwa hushinda kwa sura kazi iliyofanywa kwa haki, kwa kuwa imemalizika mapema na mikono ya mwenye kuifanya haina majeraha. Kuvuta kibati kikiwa baridi, kama nilivyovuta mimi, si kukijaribu. Kitu hujaribiwa katika hali ile ambayo kitafanyia kazi, yaani kibati kijaribiwe ndani ya nta ya moto, na mwanafunzi aulizwe somo mwezi baada ya kufundishwa. Nilikuja kusoma mihadhara ya mshumaa ya Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyoitoa kwa vijana wa London katika Krismasi ya mwaka 1860, na humo nikaelewa kwa nini nta hupanda katika utambi, kwamba ni kwa tabia ile ile ambayo pindo la kanga likigusa maji hulowa mpaka magotini. Lakini nilipofika mwisho wa kitabu nilikuwa nikiutafuta mguu, na mguu sikuuona, maana mishumaa yake ilikuwa ya kusimama peke yake.

Babu wa Pangani amezikwa hapa hapa, mbali na bahari. Mji umekua; mwaka 2016 tukawa mkoa wetu wenyewe wa Songwe, na malori yanayongoja kuvuka mpaka hujipanga mchana na usiku. Mishumaa sasa hutengenezwa kwa nta ya viwandani, hutiwa manukato ya mdalasini na waridi, na vibati huja vimetengenezwa tayari, vidogo, vya duara, ukubwa wa sarafu, pamoja na gundi isiyoyeyuka kwa joto, ambayo ikipakwa kwa uaminifu juu ya kioo kikavu na kisafi hushika vizuri. Nimeijaribu katika nta ya moto, nami naisifu. Juma lililopita msichana mmoja wa Sogea aliniletea bilauri ya kwanza aliyoitengeneza, imepambwa kwa utepe, inanukia vizuri sana. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba, akaniomba niiwashe niione. Nikaichukua kwa mikono miwili, nikaigeuza juu chini, nikaielekeza dirishani penye mwanga, nikaanza kukitafuta kibati kupitia kwenye kitako cha kioo.